Jinsi ya kujua mtoto atarithi Rh ya nani

Rh ni ile "chanya" au "hasi" inayofuata kundi lako la damu. Ukitaka kujua ya mtoto itatoka wapi, anza na karatasi. Usipige hesabu kwa maneno ya "niliwahi kuambiwa shuleni mimi ni O". Kundi la mama huwa lipo kwenye kadi yake ya kliniki, maana hupimwa anapoanza kuhudhuria. La baba ndilo linalosumbua. Mimi nafanya kazi maabara huku Tandika, na wanaume wengi ninaowapima hawajawahi kujua kundi lao. Mwambie aende kuchangia Damu Salama, atapimwa na atakuwa ameokoa mtu, au aingie maabara yoyote ya zahanati.

Kipimo chenyewe si kirefu. Naweka matone matatu ya damu kwenye kigae cheupe. Kwenye tone la kwanza naongeza dawa ya bluu ya anti-A, la pili ya njano ya anti-B, la tatu anti-D, ambayo haina rangi. Nachanganya, natikisa kigae taratibu, naangalia. Tone la tatu likikatika na kufanya punje nyekundu, wewe ni Rh chanya. Likibaki laini, ni hasi. Ndiyo maana jibu lako lina vipande viwili, kwa mfano "O chanya". Vipande hivyo havirithiwi kwa pamoja: jeni ya A, B na O iko kwenye kromosomu ya 9, ya Rh iko kwenye kromosomu ya 1. Kwa hiyo ukitafuta Rh ya mtoto, weka hizo A na O pembeni kabisa.

Sasa chukua kalamu. Kila mtu ana herufi mbili za Rh, moja ya baba yake na moja ya mama yake. D kubwa huleta chanya, d ndogo haileti kitu, na D ikiwepo hata moja inatosha kumfanya mtu chanya. Mtu wa hasi basi hana mafumbo, ni dd. Mtu wa chanya anaweza kuwa DD au Dd, na kigae changu hakiwezi kukuambia ni ipi. Herufi ya pili unaitafuta kwenye ukoo. Baba au mama wa mtu huyo akiwa hasi, lazima alimpa d, kwa hiyo yeye ni Dd. Akiwa na mtoto hasi, hata wa mama mwingine, ni Dd vilevile. Wazazi wake wakiwa chanya wote wawili, hujapata jibu. Andika D na alama ya kuuliza.

Alikuja hapa bibi mmoja na majibu ya mjukuu mchanga mkononi. "Mwanangu chanya, mkwe wangu chanya. Hii hasi imetoka wapi?" Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anatazama chini. Niligeuza fomu ya vipimo nikachora kisanduku chenye vyumba vinne: juu D na d za baba, ubavuni D na d za mama. Ukijaza vyumba unapata DD, Dd, Dd na dd. Watatu chanya, mmoja hasi. Kisha nikamwomba bibi kidole chake. Tone la tatu halikukatika. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiye uliyempa mwanao hiyo d, na mkwe naye kaitoa kwao. Mtoto ni wenu." Alinyamaza, akamwambia mkwe wake akae kwenye benchi.

Naliandika hili kwa sababu limevunja nyumba za watu bure. Wazazi wawili wa chanya kupata mtoto hasi ni jambo la kawaida kabisa. Na hiyo moja kwa nne huanza upya kila mimba. Haina maana mtoto wa nne ndiye atakuwa hasi.

Hesabu nyingine ni fupi. Baba DD na mama dd, watoto wote chanya. Baba Dd na mama dd, nusu kwa nusu kila mimba. Wote dd, watoto hasi. Ikionekana wazazi wawili wa hasi wana mtoto wa chanya, usimnyooshee mtu kidole: rudieni vipimo maabara kubwa, wote watatu, kwa njia ya mirija badala ya kigae. Kuna watu wenye D dhaifu ambayo kwenye kigae huonekana kama hasi.

Wapo pia wanaosema hasi ni damu ya Wazungu. Kwao ni wengi zaidi, hilo kweli, lakini wana njia yao: wengi wao jeni ya D haipo kabisa. Kwa Waafrika wengi wa hasi jeni ipo, ila ina kasoro na haifanyi kazi. Ni urithi wetu wenyewe.

Kisanduku kinachotakiwa kukufanya uharakishe ni cha mama hasi na baba chanya. Hapo ndipo watu husema "damu zenu haziendani" na wengine huvunja uchumba. Msivunje. Rh haizuii kushika mimba, na mtoto wa kwanza mara nyingi huzaliwa salama. Tatizo ni damu ya mtoto wa chanya kuingia kwa mama, hasa wakati wa kujifungua, mwili wake ukatengeneza kingamwili. Mimba inayofuata, kingamwili hizo hupita kondo la nyuma na, mtoto akiwa chanya tena, huvunja seli zake nyekundu, akapungukiwa damu au akapata manjano kali.

Kinga ipo tangu 1968: sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama kutengeneza kingamwili hizo. Kwanza mama apimwe kama tayari ana kingamwili, maana akishazitengeneza sindano haizifuti. Kama hana, hupewa wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni chanya. Mimba ikitoka, ikitunga nje ya kizazi, au mama akitokwa damu au akaumia tumbo, asikae nyumbani. Aende hospitali aulizie hiyo sindano siku hiyohiyo.

Si kila duka la dawa linayo, bei yake si ndogo, na inakaa kwenye friji. Kwa hiyo baba aanze kuiulizia mapema, si usiku wa uchungu. Mkifika leba mwambieni mkunga mapema kwamba mama ni hasi, achukue damu ya kitovu ipimwe. Majibu yakichelewa, fuatilieni wenyewe dirishani, na msikubali kuruhusiwa kwenda nyumbani kabla hamjayaona.