SOMO: Kupunguza wanga huku ukinyanyua vyuma, kwa wanawake wanaotaka kupungua

Wengi hukata wanga wote siku ya kwanza, halafu wiki ya tatu hata vyuma walivyoanza navyo vinawashinda kunyanyua. Ukifika hapo, misuli nayo inaondoka. Tunataka mafuta yatoke, nguvu ibaki.

Hatua ya 1: Protini kwanza. Ipange kabla hujagusa wanga. Lenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 75 anahitaji gramu 120. Mwenye uzito mkubwa sana apige hesabu kwa uzito anaoulenga. Yai moja lina kama gramu 6, kidari cha kuku kilichopikwa kina karibu 30 kwa kila gramu 100. Igawe kwenye milo mitatu au minne, usiirundike yote usiku.

Hatua ya 2: Wanga gramu 100 hadi 130 kwa siku. Anza kuondoa sukari, soda, juisi na vitu vya unga mweupe. Mara nyingi hapo tu umeshafika. Wali uliopikwa una wanga kama gramu 28 kwa kila gramu 100, kwa hiyo pima kwa mizani ya jikoni, usikisie. Sehemu kubwa iweke kwenye mlo wa kabla ya mazoezi na wa baada yake.

Hatua ya 3: Chumvi. Wanga ukipungua, insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) hushuka na figo hutoa chumvi zaidi kwenye mkojo. Ndiyo maana kichwa kinauma na unapata kizunguzungu ukisimama. Kunywa maji na usiogope kutia chumvi kwenye chakula. Mwenye presha au tatizo la figo amuulize daktari kwanza.

Hatua ya 4: Vyuma, siku 3 kwa wiki. Mazoezi manne yanatosha: kuchuchumaa na dambeli (vyuma vifupi vya kushika mkononi), kuinama kwa nyonga, pushapu, na kuvuta dambeli kuelekea kiunoni. Kila zoezi fanya seti 3, yaani mizunguko mitatu, kila mmoja marudio 8 hadi 12, na kati yake pumzika dakika 2. Mwisho wa seti ujihisi ungeweza kuongeza marudio mawili tu. Ukifikisha 12 kwenye seti zote, ongeza kilo 1 au 2.

Kuinama kwa nyonga ndiko kunakokosewa zaidi. Legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio kwa sababu mikono imejaa mizigo. Dambeli zishuke zikipapasa mapaja mpaka chini kidogo ya magoti. Mvuto ukiusikia nyuma ya mapaja, uko sawa. Ukiusikia kiunoni, mgongo umepinda au dambeli ziko mbali na miguu.

Hatua ya 5: Daftari. Andika kilo na marudio ya kila zoezi. Namba zikishuka mara mbili mfululizo na usingizi ulikuwa mzuri, rudisha wanga gramu 30 kwa siku.

MASWALI YA WANACHAMA

*Wiki ya kwanza nimepungua kilo 2, ya pili hakuna kitu. Nimekosea wapi?*
Hujakosea, dada. Kila gramu ya wanga uliohifadhiwa mwilini hukaa na maji kama gramu 3, na hayo ndiyo yaliyotoka. Karibu na hedhi pia mwili hushika maji. Pima kiuno kwa tepu, na linganisha wiki ileile ya mzunguko.

*Mwalimu, sitajaa misuli kama mwanaume?*
Hapana. Testosteroni yetu, homoni inayojenga misuli, ni ndogo sana ukilinganisha na yao. Utakaza mwili, hutavimba.

*Hedhi yangu haijaja miezi miwili tangu nianze.*
Pima mimba. Kama huna, huenda unakula kidogo mno: ongeza chakula, wanga ukiwemo, na umwone daktari.

*Mama anatumia insulini, naye aanze?*
Asianze mpaka daktari wake apange upya dozi. Wanga ukipungua na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka kwa hatari. Vidonge vingine vya kisukari navyo ni hivyohivyo. Mjamzito na anayenyonyesha wasifuate somo hili.