Kupima PLA kwa ndoo kabla ya kuchapa kofia ya jino

PLA ni plastiki inayotokana na wanga wa mahindi au miwa, nayo huoza ikipata joto na unyevu wa kutosha. Karakanani kwangu Tanga naitumia kwa kofia za muda tu, yaani vifuniko vya jino vinavyosubiri vile vya kudumu. Nazichapa kwa printa ya 3D, inayoyeyusha uzi wa PLA na kuujenga tabaka juu ya tabaka, na kila rola jipya la uzi nalipima uimara hivi.

Kwanza kausha uzi, joto la nyuzi 45 hadi 50, saa sita. Hewa ya pwani hii huujaza unyevu, ukichapa unatoa mapovu.

Chapa vijiti kumi vya urefu wa mm 25, upana mm 2, unene mm 2: vitano vikiwa vimelala, vitano vimesimama. Usiruke vya kusimama. Tabaka zake huachana upesi, na ukuta wa kofia umejengwa kwa tabaka hizo hizo. Pima unene katikati kwa vernia (kipimio cha chuma chenye taya). Ukiandika 2 kumbe ni 1.9, jibu limepotoka zaidi ya asilimia 10, maana unene unazidishwa kwa wenyewe.

Loweka saa 24 kwenye maji ya nyuzi 37. Mimi natumia chupa ya chai na kipimajoto, naongeza maji ya moto yakipoa. Siku za mwanzo nilipima vikavu, nikafurahia namba za bure.

Mtambo ni spoku ya baiskeli. Hapa mjini, mtaa wa Ngamiani, hukosi fundi wa kukupa iliyochakaa. Kata vipande vitatu. Viwili vikaze kwenye ubao wenye tundu, mm 20 kati kwa kati, kijiti kikae juu yake. Cha tatu kilale juu ya kijiti, katikati, kikining'iniza ndoo ndogo kwa kamba ya mkonge (Tanga utumie nini kingine?).

Mimina maji taratibu. Kijiti kikivunjika, pima ndoo pamoja na maji, kamba na spoku yake. Kikipinda bila kuvunjika, chukua uzito wa pale kilipoanza kushuka chenyewe.

Kilo zidisha kwa 9.81 upate nyutoni, kisha kwa 3.75: hizo ni megapaskali, kipimo cha uimara wa kijiti dhidi ya kupindwa. Kilo 2.2 ni karibu 81. Vipimo vikitofautiana na mm 2, tumia kanuni nzima: 3 × nyutoni × 20, gawa kwa (2 × upana × unene × unene).

Bado kipimo cha joto, yaani chai. Chovya kijiti kwenye chai ya rangi iliyotoka jikoni sasa hivi, ukibonyeze kwa kijiko. PLA hulegea karibu na nyuzi 60, hata iliyopata 81 kwenye ndoo. Ndiyo maana naichapia meno ya mbele, magego yanayobeba kazi ya kutafuna siyagusi.