Kumjulisha Mtoto Japani kwa Njia ya Kusoma

Mzazi anayetaka mwanawe aijue Japani asianze na majina ya watawala na miaka ya vita, bali aanze na ngano. Wasimulizi wa Kijapani hufungua kwa maneno “mukashi, mukashi”, yaani “zamani, zamani”, na mtoto aliyekwisha kuzoea “hapo zamani za kale” hahisi ugeni wowote.

Kwa mwenye miaka mitano au sita, Momotaro anatosha: mvulana aliyetoka ndani ya tunda la pichi, akawagawia mbwa, nyani na ndege madonge ya nafaka, nao wakafuatana naye kwenda kupigana na mazimwi kisiwani. Soma polepole, umwache aziangalie picha, kwani viatu vilivyovuliwa mlangoni na kuta za karatasi vitazaa maswali vyenyewe. Usimhoji kila ukurasa. Mtoto anayeulizwa kama yuko kwenye mtihani humchoka hata zimwi.

Mkiipenda ngano, igeuzeni kuwa kamishibai, tamthilia ya karatasi ambayo katika miaka ya 1930 wasimulizi waliizungusha mitaani kwa baiskeli, huku wakiwauzia watoto peremende. Mtoto achore picha kwenye karatasi ngumu, na maneno yaandikwe nyuma. Lakini maneno ya picha ya kwanza huandikwa nyuma ya picha ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo inayomkabili msomaji wakati watazamaji wanaitazama ya kwanza.

Historia nayo iingie kupitia Urashima Taro, mvuvi aliyekaa siku chache katika kasri la baharini, na aliporudi kijijini akakuta, kwa masimulizi mengi, miaka 300 imekwisha kupita. Hapo ndipo pa kumweleza mtoto kwamba kuanzia karne ya 17 Japani ilijifungia wageni wengi, hadi meli za Marekani zilipofika mwaka 1853, na kwamba baada ya mwaka 1868 nchi ilibadilika upesi mno, kiasi cha mzee kuistaajabia kama Urashima.

Habari za Hiroshima, mji wa Japani ulioangushiwa bomu la atomiki, zisubiri mpaka afikishe miaka kumi hivi. Sadako Sasaki, msichana wa mji huo, alikuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka mwaka 1945, akafa kwa saratani ya damu mwaka 1955, baada ya kukunja korongo wengi wa karatasi akiwa hospitalini. Someni kisa hicho mchana, si wakati wa kulala, na mtoto akitaka kukunja korongo wake, mpe karatasi ya mraba kamili, la sivyo mabawa hayatalingana.