SOMO: Kusoma mkufu wa kadi kwenye pakiti za busta ili ujue jirani yako amechukua nini

Habari wakuu, kuna watu waliniomba nieleze hili jambo la mpangilio wa uchapaji kwenye drafti ya Magic: The Gathering, mchezo wa kadi za rangi tano. Drafti ni pale kila mchezaji mezani anafungua pakiti yake (busta), anachukua kadi moja, anampa jirani zilizobaki, na mnazungusha hivo mpaka kadi ziishe, pakiti tatu kwa kila mtu; kila kuchukua kadi ni zamu moja. Naomba msome taratibu maana kuna sehemu moja watu wengi wanaielewa kinyume: wanadhani faida yake ni kubahatisha kadi adimu iliyomo kwenye pakiti. Hapana, faida kubwa ni kujua kadi ambayo HAIPO.

Hatua ya 1: elewa kadi zinatoka wapi

Kadi hazichapwi mojamoja. Zinachapwa kwenye karatasi kubwa, kawaida 11 kwa 11, yaani kadi 121, alafu zinakatwa na mashine inazidondosha kwenye pakiti kwa zamu. Pakiti ya drafti ya mtindo wa zamani ilikuwa na kadi 15: za kawaida 10, ankomoni 3 (daraja la kati ya kawaida na adimu), adimu 1 na ardhi 1. Hizo 10 za kawaida ndo mali yetu. Kiwanda hakizichanganyi ovyo kwa sababu zikichanganywa ovyo utafungua pakiti nyekundu tupu na drafti inaharibika, kwa hiyo rangi zinapangwa zipishane kwenye karatasi. Mpangilio huo ukishakuwepo unajirudia. Kadi fulani ikitoka, inayoifuata kwenye karatasi itatoka nayo, kama shanga kwenye uzi, ndo maana mimi naita mkufu. Pakiti moja huwa na kipande cha mkufu mmoja na kipande cha mwingine, wakati mwingine vipande vitatu.

Hatua ya 2: tengeneza mkufu wako

Ukipata boksi la seti (kundi la kadi zilizotolewa pamoja) unayotaka kuidrafti (boksi la pakiti za drafti lilikuwa na pakiti 36), fungua pakiti mojamoja na USICHANGANYE kadi. Andika mfuatano kama ulivyotoka. Pakiti ya kwanza utaona kadi tano tu zinazofuatana, nyingine utaikuta imeanzia katikati ya hizo tano na kuongeza mbili mbele, nyingine tena itaongeza zaidi, unaunganisha hivohivo mpaka mkufu unajifunga na kurudi mwanzo. Ikitokea foili (kadi inayong'aa) usishtuke, kwenye pakiti hizi inakaa nafasi ya kadi ya kawaida kwa hiyo utahesabu 9 badala ya 10.

Kukariri usikariri yote, utachoka bure. Chukua zile kadi za kawaida nzuri kabisa za kila rangi, hasa za kuua viumbe, alafu kariri jirani wa kushoto na wa kulia wa kila moja. Basi.

Hatua ya 3: kwenye meza

Tuseme kwenye mkufu kuna ndege mweupe, mchawi wa bluu, kadi nyeusi ya kuua, mnyama wa kijani, moto mwekundu. Ni zamu ya pili, umepokea pakiti ya jirani, una kadi 14 mkononi, unaona ndege, mchawi, mnyama, moto. Nyeusi ya kuua haipo. Hata kama jirani amechanganya kadi kabla ya kukupa haijalishi, wewe unajua pengo liko wapi. Ukihesabu za kawaida zikawa 10 kamili bila pengo, basi amechukua adimu au ankomoni, na hapo unaangalia tu ipi imepungua.

Sasa hapa ndo penyewe. Wote tumefundishwa kwamba ukiona kadi nyekundu nzuri inakufikia kwenye zamu ya tano basi nyekundu iko wazi, ingia. Lakini je, kama pakiti hiyohiyo ilikuwa na nyekundu mbili kali zaidi na zote zimeshanyofolewa? Uliyoiona ni makombo, juu yako kuna mtu au watu wawili wameshaishika nyekundu, na wewe unaingia kwa furaha kwenye rangi ambayo pakiti ya kwanza na ya tatu haitakuletea kitu. Mchezaji asiyejua mkufu anaona kilichobaki tu, wewe unaona pakiti ilivyokuwa kabla haijaguswa. Na kinyume chake pia, ukiona kadi za kijani zimekaa zote mpaka zamu ya sita, hapo ingia bila wasiwasi.

Pakiti ya pili inazungushwa upande mwingine kwa hiyo anayekulisha ni jirani wa upande ule mwingine, usichanganye habari za huyu na za yule.

Hatua ya 4: jua pa kuishia

Kadi iliyochukuliwa ikiwa ndo ya mwisho kwenye kipande, huwezi kujua kama ilikuwepo au kipande kiliishia hapo. Usijilazimishe kubashiri, subiri pakiti inayofuata.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu hii si ni wizi jamani?
Jibu: Kichwani mwako ruksa kabisa, ni maarifa kama kujua kadi zipi ni nzuri. Kisichoruhusiwa kwenye mashindano ni kuandika au kuchungulia karatasi wakati drafti inaendelea. Ila kuna wanaotumia mpangilio kuchambua pakiti zenye adimu za bei wakawaachia wenzao zilizobaki, hao mimi siwatetei hata kidogo, yule anayenunua baada yako analipa bei ileile.

Swali: Inafanya kazi kwenye Arena, ile Magic ya kwenye kompyuta?
Jibu: Hapana ndugu, kule kompyuta ndo inachagua kadi, hakuna karatasi. Na kyubu (drafti ya kadi mlizokusanya wenyewe) vilevile hapana maana mmechanganya wenyewe.

Swali: Na hizi busta mpya?
Jibu: Tangu Februari 2024 zimekuja busta za kuchezea badala ya zile za drafti, za kawaida zimeshuka kuwa 6 au 7, alafu kuna nafasi ya kadi ya daraja lolote na foili ya daraja lolote. Kipande unachopata ni kifupi na mapengo mengi hayasomeki. Bado andika boksi lako uone seti husika inasemaje, ila uzito wa hii mbinu uko kwenye seti za zamani mnapozidrafti tena.

Swali: Mimi nasahau haraka sana kaka, nianzie wapi?
Jibu: Anza na kadi moja tu. Chagua rangi unayoipenda, kariri kadi yake bora ya kawaida na jirani zake wawili, cheza drafti tatu hivo ndo uongeze nyingine.