Somo: Kutoka psikiatri kwenda urjansi ukingali mpya mu kazi

Jambo wote. Mmeniomba mara mingi niandike hii kitu, zaidi nyinyi wenye mlitoka ISTM (shule kubwa ya mambo ya afya) juzi, mkapata kazi ya kwanza ya infirmie (muuguzi) ku psikiatri, magonjwa ya akili, na sasa usiku mnawaza kama mikono imeshakufa. Mi nilifanya psikiatri mwaka moja na miezi mbili hapa Bukavu, kisha urjansi (wagonjwa wa dharura), na leo niko mwaka wa ine ndani. Nitaeleza vile nilifanya na fasi nilianguka, kila mtu achukue yenye inamfaa.

Kwanza kitu moja yenye hakuna mwalimu alinifundisha. Ku psikiatri mgonjwa akinyamaza usiku unashukuru Mungu, unakaa, unakunywa chai. Ku urjansi akinyamaza unasimama. Mwenye analalamika iko na pumzi ya kulalamika, ni yule alikuwa analia saa tatu halafu saa ine kimya, njo huyo. Wiki yangu ya pili baba moja alianguka na pikipiki, alikuwa anasumbua watu wote, anaomba maji, anatukana, kisha akatulia, na mi kwa mazoea yangu ya zamani nikaandika mu fishi "mgonjwa ametulia". Yaya moja infirmie mwenye tulikuwa naye gardi (zamu) akasoma ile neno, akaenda mbio kitandani: tansio (presha ya damu) 70 kwa 40, mikono baridi, tumbo ngumu. Bandama ilikuwa imepasuka. Walimfikisha bloku (chumba ya kupasulia) na alipona, lakini mpaka leo siandiki "ametulia" bila kuhesabu pumzi mbele.

Hatua ya 1: usitoke mikono mitupu

Usiombe kuhama wiki hii. Miezi yenye imebakia, jifunze vizuri vitu vyenye wa urjansi hawajui, ju utakuja kuviuza kule. Mgonjwa amechomwa haloperidol (dawa ya kutuliza wazimu), kesho yake shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unatoka, familia inasema mapepo, na infirmie wa urjansi anawaza tetanosi. Wewe unajua ni dawa. Largactil, dawa ingine ya psikiatri, inashusha tansio, basi unapima tansio mbele ya kuchoma na nyuma ya kuchoma. Mtu wa kutwa kutwa na pombe akilazwa ju ya mguu umevunjika, siku ya pili ao ya tatu anaanza kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu ku ukuta, ile si wazimu, ni pombe imemkatikia, na inaweza kuua. Hizo tatu tu zilinipa heshima kuliko diplome yangu.

Na kuongea na mtu mwenye amekasirika bila kumkamata na kamba. Hiyo msidharau.

Hatua ya 2: rudisha mikono

Hapa njo shida kubwa, tuseme ukweli. Mwaka nzima unatoa vidonge na kuangalia kama wamemeza, halafu siku moja unapewa mama mwenye amekauka na choléra na mishipa yote imepotea. Mi niliomba ruhusa kwa shefu wa servisi, asubuhi mbili kila wiki mbele ya kazi yangu niende kusaidia kutoa damu na kuweka kateta (mpira mdogo wa mshipa wa kupitishia serumu) ku medesini ya ndani, bure, bila primi (pesa ya kuongezea), miezi mbili hivi. Watu walicheka. Lakini nilirudi najua rangi za kateta bila kusoma namba: 18 ya kijani, 20 ya pinki, 22 ya bluu, 24 ya njano ya watoto. Mtu anatoka damu ao ana choléra, anza na ya kijani, na usiweke moja, weka mbili.

Matone nayo yarudishe kichwani. Ku mpira wa serumu wa kawaida matone 20 ni ml 1, basi chukua ml, gawanya na masaa mara 3. Litre moja mu masaa 8: 1000 gawanya na 24, matone 42 kwa dakika. Nilikuwa nimeandika hiyo ku karatasi ndani ya mfuko wa bluzi, na sina haya.

Hatua ya 3: namba chache, lakini za kweli

Usibebe kitabu nzima. Mtu mzima anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Akipita 25 unaita, akipita 30 unaita na unabaki pale pale. Hesabu dakika nzima, mkono ku kifua chake, usinakili 20 yenye mwenzako aliandika (mu karatasi zetu za kupokezana gardi, wagonjwa wote wanapumua 20, ni miujiza). Saturasio (oksijeni ya damu) chini ya 94 unajiuliza kwa nini, chini ya 90 unaweka oksijeni, dokta atakukuta umeshaweka. Pulsi (mapigo ya moyo) ikipita tansio ya juu, mfano pulsi 120 na tansio 95, usidanganyike eti tansio ingali nzuri, huyo anaelekea shoku (damu haifiki tena vizuri mu mwili). Mtoto wa mwaka 1 mpaka 5 akipumua 40 na zaidi ni haraka, wa miezi 2 mpaka 11 ni 50. Masaji ya moyo ni 100 mpaka 120 kwa dakika, 30 kwa pumzi 2, unaacha kifua kirudi juu kabisa mbele ya kubonyeza tena.

Na glisemi (sukari ya damu). Mtu yeyote mwenye akili imegeuka, mbele ya kusema lolote, toboa kidole. Hii nitairudilia.

Hatua ya 4: barua

Fupi. Barua kwa mkubwa wa nursing, kopi kwa shefu wako, usipitie kwa mjomba mwenye anajuana na dokta, ju wenzako watajua na watakuacha uzame. Andika ulifanya nini, asubuhi zile za kateta, na uombe staji ya mwezi moja mbele ya afektasio (kupangwa rasmi). Mwezi moja inawaonyesha, na wewe pia inakuonyesha kama tumbo lako linaweza.

Hatua ya 5: wiki za kwanza

Fika dakika 20 mbele. Si ya kusalimia, ni ya kuangalia vitu: Ambu (mfuko wa kupumulisha) iko na inakaza? aspirateri (mashine ya kuvuta mate) inavuta? chupa ya oksijeni iko na presio ngapi? Bukavu umeme unakatika wakati wowote, konsantrateri (mashine ya oksijeni) inasimama, na jenereta mpaka mtu apate ufunguo ni dakika tano, na dakika tano ni mingi sana kwa mtoto mwenye nimonia. Mi nafungua chupa mwenyewe kila gardi, hata nikiambiwa "imejaa".

Halafu watakupa "wako". Kila mwenye anafika amefungwa kamba, anapiga kelele, watasema wewe njo wa wazimu, chukua. Kubali, lakini fanya A, B, C, D, E (njia ya hewa, pumzi, damu, akili, mwili wote) sawa kwa kila mtu. Mwezi wangu wa pili walileta kijana toka Kadutu, wanne wamemkamata, siku mbili alikuwa chumba ya maombi, anapiga, anatema mate. Watu wa gardi walishatayarisha sindano ya kumlaza. Nikasema mungoje, dakika moja tu, nikatoboa kidole: sukari 28 mg/dl, chini sana. Tukaweka gluko (maji ya sukari) ya 50%, ml 50 polepole mu mshipa mzuri, na mbele serumu iishe kijana anauliza kiatu chake ya kushoto iko wapi. Iko na ugonjwa wa sukari, alichoma insulini na hakukula ju alikuwa anafunga. Tungemlaza na sindano angelala kabisa. Toka ile siku niko na orodha yangu ya "wazimu wa ghafla": sukari, hewa, malaria ya kichwa, menenjiti, kichwa kimepigwa, pombe, sumu. Mtu mwenye hajawahi kuugua akili na ameanza jana na homa, kwangu si wa psikiatri mpaka zote hizo zitoke.

MASWALI YENU

Dada wa Uvira, A2 (infirmie wa diplome ya sekondari), miezi mitano ku psikiatri: "Yaya, mi ningali mpya sana, wataniambia nimeshindwa kazi. Ningoje miaka mbili?"

Miaka mbili ya nini, mdogo wangu? Hakuna namba ya miaka. Ila miezi mitano ni kidogo ya kuwa na kitu cha kuuza, fika mwaka, na hizo miezi anza asubuhi za kateta. Kama watu wanasema umeshindwa, waache, wanasema hivyo hata kwa mwenye anatoka pediatri.

Kaka wa Bagira: "Mi ni NU (mpya wa serikali), sijamekanizewa (siko bado ku listi ya mishahara), nikibadilisha servisi dosie yangu itapotea? Na primi?"

Servisi ndani ya lopitali moja, wewe shikilia kopi ya kila afektasio, nyumbani, si mu tiroari (droo) ya kazini. Ukihama lopitali ao zone de santé, hapo usiende na neno la mdomo, ngoja komisio d'afektasio (karatasi ya kukupanga) yenye iko na sinyatire, na uulize ku DPS (ofisi ya afya ya provensi) kwa maandishi. Primi ya lopitali ni ya lopitali, kila fasi wanagawa vyao, uliza wale wa gardi ya usiku, watakuambia ukweli kuliko biro.

Mama moja, infirmie toka zamani, Goma: "Umesema choléra weka mbili. Waambie na kiasi, watoto hawa wanahesabu matone mgonjwa anakufa."

Asante mama, ni kweli, nimepita mbio. Mtu mzima mwenye amekauka kabisa ni serumu ya Ringer, ml 100 kwa kilo: 30 kwa kilo mu dakika 30 za kwanza, 70 mu masaa mbili na nusu yenye inafuata. Wa kilo 50, ni litre moja na nusu mu nusu saa. Hapo hakuna kuhesabu matone, unafungua yote, na unabonyeza mfuko na mkono kama lazima. Mtoto wa chini ya mwaka ni polepole zaidi: 30 mu saa moja, 70 mu masaa tano. Akianza kuweza kunywa, ORS (maji ya chumvi na sukari ya kunywa) pembeni, usingoje serumu iishe.

Kaka wa Kamituga: "Wenzangu wananiita infirmie wa wazimu. Inaniuma."

Mi waliniita hivyo mwaka nzima. Iliisha siku shefu mwenyewe alikuwa na mgonjwa na kisu mkononi mu koridoro, akaniita mi.

Dada mwingine wa hapa hapa Bukavu: "Wale wenye wamekunywa dawa ya mimea (ya kuua wadudu wa shamba) ao ya panya, mi naogopa, sijui nianzie wapi."

Anzia ku chupa, tuma mtu wa familia arudie chupa nyumbani, ju dawa ya panya ziko aina mingi na hazitibiwi sawa. Usimtapishe. Vaa gan (glavu), vua nguo zake, osha ngozi na maji na sabuni. Kama mboni imekuwa ndogo sawa kichwa ya sindano, mate yanatoka, kifua kinalia maji, ni ile dawa ya mimea, dokta ataanza atropine, mg 2 mu mshipa, na kila dakika tano akiona haijafanya anazidisha mara mbili mpaka kifua kikauke. Unaangalia kifua, si mboni. Kazi yako ni kusikiliza kifua kila dakika tano na kuwa na ampule za kutosha pembeni, hesabu mbele ya kuanza, ju zinaisha.

Na kesho yake, akiamka. Urjansi yote inampita, wengine wanamuuliza "kwa nini ulifanya ujinga huu" mbele ya mama mkwe wake. Hapo mi nachukua kiti, nakaa upande wa ukuta, naomba familia watoke kidogo, na simuulizi kwa nini. Namuuliza kama amelala.