Kung'oa kisiki kwa ploti kabla ya msingi: usikate mti hadi chini!

Kama mti bado umesimama na hujamuita mtu wa pawasoo (msumeno wa mashine), ngoja kwanza. Usimwambie aukate ulingane na ardhi, mwambie aache gogo refu, mita moja na kitu hivi, lije usawa wa kifua. Watu wengi wanataka waone ploti imekuwa nyeupe haraka, wakata mti hadi chini, kisha wakija kwa kisiki ndio wajua hawana pa kushika, manake lile gogo ndio lingewasaidia, ukilisukuma huku na huku mizizi inalegea yenyewe chini. Likishakatwa umebaki na sururu na dua. Mimi kosa hilo nlilifanya na mwarobaini Mtopanga, hapa Mombasa, kisiki upana wa nusu mita, vijana wawili siku tatu nzima, na mwembe uliokuwa kando yake tulioachia gogo tuliulaza siku moja na nusu.

Kuna wale husema ah, funika tu na slebu, ile sakafu ya zege, nani ataona. Utaona wewe mwenyewe. Mzizi ukifunikwa unaoza, ukioza unaacha pango, udongo unashuka, baada ya miaka miwili mitatu sakafu ina ufa na tailsi ukizigonga zalia kama debe tupu. Na kabla haujamaliza kuoza mchwa washafika, na mchwa wakimaliza mzizi hawarudi kwao, wapanda kwa fremu za milango. Mwarobaini nao hata kufa haufi, kisiki chachipua, mizizi iliyobaki nayo yachipua, unapanda nyasi zako vizuri unaskia kijiti kimetoka katikati ya uwanja.

Mti kwa mti kuna tofauti. Mnazi ndio rahisi, hauna mzizi mkuu, ni kitako kimoja chenye mizizi mamia, yote minene kama kidole, basi unachimba mduara kuzunguka shina unaikata yote kisha unalaza, na haichipui ng'o kwa sababu mnazi una kilele kimoja tu, kikikatwa umekwisha. Lakini kisiki na magogo usiyaache yaozee pale, chonga huzaa humo, yule mdudu mweusi mwenye pembe, wakikomaa wahamia minazi ya jirani na hapo utaitwa baraza. Mwembe una mzizi mkuu uliozama, huo lazima uufuate chini. Mvinje mgumu shoka larudi, ila ukishang'oka umeng'oka.

Na ardhi pia. Ukiwa Nyali ama kisiwani juu ya mawe ya matumbawe mizizi haizami sana, yatambaa juu juu halafu yajipenyeza kwenye nyufa za jiwe, hapo jembe ni la nini, ni mtaimbo na subira. Upande wa Changamwe udongo mfinyanzi, fanya kabla masika haijaanza, la sivyo ni tope mpaka magoti na kila beleshi lazima ulikwangue. Kwenye mchanga ni raha, shida yake ni shimo kubomoka, usimwache mtoto karibu.

Haya, kazi yenyewe. Jioni ya kabla mwagia maji mengi kuzunguka shina, ya kisima cha chumvi yatosha, usimalize ya mfereji. Asubuhi chimba mtaro wa mduara, nusu mita hadi mita moja kutoka kwa shina kulingana na ukubwa, mpaka mizizi ya pembeni ionekane. Ioshe ama ifute udongo kabla ya kukata, kwa sababu mchanga wamaliza makali ya shoka na mnyororo wa pawasoo dakika tano. Kila mzizi ukate mara mbili, karibu na shina na tena mwisho wa mtaro, kile kipande cha katikati ukitoe kabisa upate nafasi ya kuingiza mguu na shoka, watu hukata mara moja tu kisha wanashangaa mbona hawafikii wa chini. Pembeni ikiisha sukuma gogo, usikilize linalia wapi, huko ndiko bado kuna mzizi. Mwisho ni ule mkuu, wauchimbia kwa upande mmoja na kuukata chini kadri unavyofika.

Kuvuta: chenibloki ya kukodi, ile winchi ya mnyororo ya kuvuta kwa mkono, uifunge juu ya gogo na upande wa pili kwa mti mwingine imara unaobaki. Sio nguzo ya stima, na sio Probox ya shemeji tafadhali, nimeona bampa imebaki na kamba gari imeenda mbele. Weka gunia lenye mchanga juu ya mnyororo, ukikatika usiruke ukampiga mtu, na watu wote wasimame mbali. Kama kisiki kiko karibu na ukuta wa jirani ama septiki usivute kabisa, kata mizizi ya upande ule kwanza, inaweza kuwa imekumbatia bomba na ukivuta unaondoka nayo yote.

JCB, lile trekta la kuchimba, ikiingia ploti mwachie ifanye kazi, ila vichochoro vyetu vingi haiingii.

Kisiki kikitoka vijana huanza kuosha mikono, na hapo bado. Fuata mizizi. Mimi naenda hivi: wowote unaozidi unene wa dole gumba utoke, ndani ya eneo lote la nyumba na mita moja nje yake. Kama ni bustani tu huhitaji ukali huo, futi moja chini kwa nyasi inatosha. Ndio maana mkipatana patana kwa kisiki na mizizi yake, si kwa siku, na pesa ya mwisho itoke ukishaliona shimo kwa macho.

Habari za kumwaga dizeli, oili chafu ama magunia ya chumvi achana nazo. Mitaa yetu tunachota visima, ukimwaga hapo utayanywa. Moto nao mzizi waungua chinichini siku kadhaa bila wewe kuona, na jirani ana paa la makuti.

Shimo usilirudishie udongo ule ule mweusi wenye vipande vya mizizi. Tia maramu (udongo wa changarawe) ama hadikoo (mawe yaliyovunjwa), tabaka la sentimita 15, mwagia maji, shindilia, kisha tabaka jingine, hivyo hivyo hadi juu, na dawa ya mchwa ipigwe kabla ya slebu. Kama shimo limeangukia kwenye mstari wa msingi wenyewe usijaze, mwachie fundi ashuke mpaka ardhi ngumu aanzie konkriti hapo. Halafu piga vigingi kila palipokuwa na kisiki na upime umbali kutoka kwa bikoni, lile jiwe la mpaka wa ploti, uandike, kwa sababu fundi wa msingi huenda aje baada ya miezi minne na nyasi zishafunika kila kitu.