Wiki Sita Mfangano: Ukitaka Kukaa, Si Kupita Tu

Kutoka Kisumu unapanda matatu ya Luanda Kotieno, unavuka kwa feri hadi Mbita, unaingia boti, na ukijitahidi unafika Mfangano, kisiwa cha Kenya katika Ziwa Victoria, siku hiyo hiyo. Ukitokea Nakuru, unashuka Ahero na kufuata barabara ya Katito, Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita bila kuingia Kisumu mjini. Njia si shida. Lakini nakusihi usifike siku hiyo hiyo. Lala Mbita, uvuke asubuhi.

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, na kazi yangu ni ya maabara hapa Kisumu. Mwaka jana nilichukua likizo yangu yote kwa mpigo, kuanzia mwisho wa Agosti, nikabeba shanta na kwenda kukaa wiki sita katika boma moja upande wa kusini wa kisiwa. Wageni wengi hufika Ijumaa na kuondoka Jumapili. Mwenye kukaa kwa muda mrefu hugundua jambo ambalo wao hawapati nafasi ya kuliona: kule ratiba hupangwa na ziwa. Wakati wa kusafiri, wakati wa kula samaki, wakati wa kuoga, hata wakati wa kuwapata wanaume nyumbani, vyote vinategemea maji, upepo na mwezi.

Kuvuka

Siku niliyokwenda nilifika Mbita saa nane mchana, nikaona boti inajaa, nikaruka ndani. Tulipopita kisiwa cha Rusinga mawimbi yakaanza kupanda ubavuni. Boti ilikuwa imepakia watu, magunia ya simenti na magodoro kupita kiasi. Mama aliyekaa kando yangu alimfunika mtoto wake kwa leso mbili, akainamisha kichwa na hakukiinua tena mpaka tulipofika. Kilo nne za unga wangu zililowa na simu ikazima.

Kumbe wenyeji wote wanajua. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapopanda, ya ziwani huja kushika nafasi yake, na kuanzia saa saba hivi upepo huwa unamvuma usoni anayetoka Mbita kwenda visiwani. Usiku mambo hugeuka, na asubuhi maji huwa yametulia. Kwa hiyo vuka kati ya saa moja na saa nne. Ukiona wingu jeusi limekaa juu ya ziwa alfajiri, subiri liishe, maana dhoruba za usiku wakati mwingine huchelewa kuondoka. Na usipande boti isiyokuwa na jaketi la kujiokoa la kila abiria. Livae na ulifunge kamba, usilikalie kama mto.

Mizigo yako iweke ndani ya ndoo. Nasema hivi kwa dhati. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na shanta pekee halizuii maji. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 10 au 20 yenye mfuniko wa kubana, uioshe vizuri, utie humo simu, dawa, nguo kavu na unga. Ukifika, ndoo hiyo hiyo itakuwa beseni, stuli na ghala. Katika vitu vyote nilivyonunua, ndicho nilichokitumia kila siku.

Sehemu nyingi boti haifiki nchi kavu. Vijana huja kuwabeba abiria mgongoni kwa malipo kidogo. Kubali kubebwa, au uvae gambuti. Sababu nitaieleza hapo chini.

Pa kulala

Nilibeba hema na nikalitumia siku tatu tu, nilipokwenda Takawiri, kisiwa kidogo jirani chenye mchanga mweupe. Ukilala hemani, kaa mbali na majani ya ufuoni. Viboko hutoka usiku kula nyasi, na njia zao huzijui. Mamba pia wamo. Uliza kwanza kamati ya ufuo, ile ambayo kila mtu huiita BMU. Watakuonyesha mahali salama, na mzee wa kijiji atajua kwamba una mwenyeji. Beba kitambulisho chako, na ukienda na wavuvi usikubali kupelekwa mbali upande wa mpakani.

Kwa wiki sita, chumba ni bora kuliko hema. Mimi nilipata cha mabati kwa mama mmoja mtu mzima, mjane, niliyemwita dani kama wajukuu wake walivyomwita. Tulipatana kulipa kila wiki badala ya mwezi, na kila wiki nilileta sukari, majani ya chai na sabuni. Nakushauri ufanye hivyo hivyo. Malipo ya wiki humpa mwenye nyumba pesa za mara kwa mara, nawe unabaki huru kuhama kama hamkuelewana. Mpesa inafanya kazi, ila wakala huweza kukosa pesa taslimu, kwa hiyo uwe na noti za mia na za hamsini za kukutosha wiki nzima. Noti ya elfu kijijini ni mzigo kwa mwenye duka.

Jifunze salamu za Dholuo, lugha ya Wajaluo, kabla hujafika: oyawore asubuhi, oimore jioni, erokamano ya kushukuru. Wenyeji wa asili ni Abasuba, na lugha yao ya Olusuba imebaki kwa wazee wachache, kwani karibu kila mtu sasa anasema Dholuo. Kiswahili kinaeleweka, lakini salamu ndiyo inayofungua mlango. Jioni jifunge leso ukipita mbele ya wazee, na kukiwa na matanga nenda, toa mchango wako, uketi.

Chakula na mwezi

Omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Samaki hufuata mwanga, basi usiku wa giza mamia ya taa huwaka ziwani ukadhani kuna mji juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu na boti hubaki ufuoni. Wiki hiyo ndiyo ya kuwapata wavuvi wakishona nyavu, wana muda wa kuzungumza, na ndiyo wiki ambayo omena hupungua sokoni. Nunua gorogoro moja, lile kopo la kupimia, kabla mwezi haujajaa. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, kwa hiyo ukienda miezi hiyo usitarajie kuyaona ninayoyasimulia.

Vingine ni rahisi: samaki wa ngege na mbuta kwa ugali, mrenda, sukuma wiki, nyoyo (mahindi na maharagwe) na strungi (chai ya rangi) asubuhi. Ndizi na maparachichi yapo. Vitunguu na nyanya huletwa kwa boti, hivyo bei yake iko juu kidogo.

Siku moja dani alinipa kazi ya kugeuza omena waliotandazwa juu ya nyavu kuukuu. Asubuhi wanang'aa kama vipande vya bati, wameshikana kwa ute. Unawatawanya kwa kiganja wazi, polepole, kila mmoja apate jua, maana wakikaa mafungu hukauka juu na kuoza chini. Kufikia adhuhuri tumbo limekunjamana na harufu imebadilika, si ya maji tena bali ya samaki mkavu. Mara wingu likatokea upande wa mlima Kwitutu. Dani hakusema neno, alishika pembe mbili za wavu nami nikashika mbili, tukakunja, tukakimbia. Jirani aliyekuwa sokoni hakuwahi. Omena wake wakanyeshewa, na jioni alikuja mnunuzi wa chakula cha kuku akachukua gunia zima kwa bei ya kusikitisha. Mvua ya dakika kumi ilimlia kazi ya usiku wa watu wanne. Ukikaa kule, usiwe mgeni wa kutazama tu. Ukiona wingu, shika wavu.

Maji, na hapa nisikilize vizuri

Hii ndiyo kazi yangu. Kwenye darubini nimeona mayai ya kichocho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: marefu ya mviringo, yana mwiba mmoja ubavuni. Kichocho cha Ziwa Victoria ni kile cha matumbo, kinachoharibu ini polepole. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wa maji ya kina kifupi, penye magugu, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali, tangu asubuhi iliyosogea hadi mchana. Hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea.

Nilifanya hivi. Nilinunua mitungi miwili ya lita 20. Maji ya kuoga nilichota, nikayaacha yakae siku mbili bila kuguswa, kwa sababu vijidudu hivyo vikikosa mtu hufa ndani ya muda huo. Mtungi mmoja unakaa, mwingine unatumika. Siku ya haraka nilichemsha. Ya kunywa ni habari nyingine: kuyalaza hakutoshi, kwani kipindupindu na homa ya matumbo havifi hivyo. Chuja kwa kitambaa safi, acha tope litulie, kisha chemsha yatokote, au utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri nusu saa.

Wenyeji huoga ziwani kwa sababu hawana pengine pa kuoga. Usiwahubirie. Dani aliniuliza mwenyewe kwa nini naacha maji yakae, nikamweleza, na wiki ya tatu nikakuta mitungi ya wajukuu imepangwa kando ya yangu.

Malaria huko ni ya mwaka mzima. Muone daktari kabla ya safari kuhusu vidonge vya kinga, beba chandarua chenye dawa, ukining'inize siku ya kwanza na uchomeke pindo chini ya godoro. Ukipata homa, nenda zahanati upimwe siku hiyo hiyo. Usimeze dawa kwa kukisia.

Siku za kutembea

Kwitutu ndicho kilele cha kisiwa, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe liko mita 1,134. Anza saa kumi na mbili, beba lita tatu za maji, uwe na kijana wa kijijini. Kutoka juu unaiona Rusinga na, nyuma yake, vilima vya Gembe.

Ramba kuna jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba. Anzia hapo, kisha uongozwe hadi michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone: duara ndani ya duara na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe, ambayo wenyeji husema ilichorwa na Watwa waliowatangulia. Wazee walikuwa wakifanya ibada za mvua mahali kama hapo. Usiiguse, na usimruhusu mtu kuimwagia maji ili picha itoke vizuri. Rangi hiyo ikitoka hairudi.

Rusinga inatosha siku moja. Kuna kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na ni kwenye kisiwa hicho Mary Leakey alipata fuvu la sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul mwaka 1948. Imeunganishwa na Mbita kwa daraja, hivyo boda boda inakufikisha.

Ukirudi

Usijipime kichocho wiki ya kwanza. Minyoo huhitaji muda kukomaa na kutaga, kwa hiyo subiri wiki sita hadi nane tangu ulipogusa maji mara ya mwisho, kisha upeleke choo kwa siku tatu tofauti. Mimi nilikuwa makini, lakini ile siku ya kwanza niliruka kutoka kwenye boti nikatembea kwenye maji ya magotini hadi ufuoni, shanta kichwani, na nikafanya hivyo tena mara mbili nikiwasaidia kushusha omena.

Mwishoni mwa Novemba niliweka sampuli ya kwanza chini ya darubini. Safi. Ya pili, safi. Ya tatu nilizungusha kioo taratibu, na pembeni kabisa nikaliona yai moja, na mwiba wake ubavuni. Daktari alinipima uzito, akahesabu vidonge vya prazikwanteli, nikavinywa baada ya kula ugali, kwa sababu ni vichungu na hukorofisha tumbo tupu. Jioni nilimpigia dani simu. Nilimwambia awapeleke wajukuu zahanati wapimwe, naye akaniambia mwezi umeingia gizani na boti zote ziko nje.